Mwenye Basi Hajatoa Kafara

Wadau, nimekuwa kimya karibu wiki mbili. Nilikuwa nyumbani Tabora, kwenye msiba. Nimerudi Dar juzi usiku nikiwa na dumu la asali na uchovu, na nilipanga kuandika mambo mepesi. Lakini kuna neno moja limenikaa kooni kama mwiba wa samaki tangu siku ya mazishi, na nisipolitema leo litaniua. Neno lenyewe ni kafara.

Aliyefariki ni kijana wa jirani yetu pale Kitete. Miaka kumi na tisa. Nilimwacha mtoto anayetutuma tumnunulie pipi, nikarudi kumkuta amefunikwa kanga. Alikuwa amekwenda kutafuta kibarua, akawa anarudi nyumbani na basi la usiku. Alfajiri basi likaacha barabara, likapinduka. Alikufa yeye na wenzake wachache. Dereva alitoka na mchubuko.

Kwenye msiba wa kwetu wanaume hukaa nje chini ya mwembe, kwenye mikeka na mabenchi ya kuazima. Mazungumzo hayachagui: bei ya tumbaku, mpira, nani kaoa, nani kaachwa. Basi usiku ule wa kwanza yakafika kwenye ajali. Mzee mmoja akasema, kwa sauti ya mtu anayejua siri: "Yule mwenye basi katoa kafara. Kila mwaka lazima wamwage damu, ndiyo maana magari yao hayapungui." Watu wakaguna. Mwingine akaongeza kwamba mwaka juzi ilikuwa hivyo hivyo, tena mwezi huu huu. Wa tatu akamjua hadi mganga. Mazungumzo yakaishia hapo, kwa sababu ukishasema kafara umeshamaliza. Hakuna swali linalobaki. Utamhoji nani? Jini?

Pembeni yangu alikaa fundi mmoja wa matairi, mtu mzima, ambaye asubuhi ile alikuwa miongoni mwa waliokwenda kusaidia kule kwenye ajali. Hakusema kitu mbele za watu. Baadaye, tulipokwenda kuchota maji ya kunawa, akaniambia polepole: "Mwanangu, lile tairi la mbele lilikuwa kipara. Ungeweza kujitazamia ndevu."

Nikamuuliza, "Sasa baba, mbona hukuwaambia wale wazee?"

Akacheka kidogo. "Wamesema kafara. Mimi niseme tairi?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia. Naandika nikiwa nayo bado, kwa hiyo mnivumilie.

Kabla sijawarukia wazee wa Kitete, nianze na sisi tunaojiita waandishi, na nianze na mimi. Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye chumba cha habari cha gazeti ambalo sitalitaja. Ikaja habari ya binti aliyekutwa ameuawa karibu na machimbo madogo ya dhahabu. Polisi walikuwa hawajasema chochote cha maana. Mimi nikaandika, kwa mkono wangu huu, kichwa cha habari chenye maneno mawili: ATOLEWA KAFARA. Gazeti likanunuliwa. Nikapongezwa. Baadaye ikaonekana aliyemuua alikuwa mtu wa karibu aliyekuwa akimpiga tangu zamani, na majirani walikuwa wakisikia. Hakukuwa na mganga, hakukuwa na dhahabu. Habari hiyo ya pili tuliipa aya nne, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la jenereta. Mama wa yule binti mpaka leo, kwa watu wa kijijini kwao, ni mama wa mtoto aliyetolewa kafara, na wapo wanaomtazama wakijiuliza kama naye alikula hela. Hiyo ni kazi yangu. Sikuifanya kwa ubaya, niliifanya kwa sababu neno lilikuwa limekaa mezani tayari, tamu, fupi, linauza.

Haya, turudi Kitete.

Siku ya tatu baada ya hitima nilimfuata maalim aliyenifundisha juzuu nikiwa mtoto. Sitamtaja jina kwa sababu hapendi mambo ya mitandao, na kwa sababu bado namwogopa. Bakora yake naikumbuka. "Shikamoo maalim." "Marahaba mwanangu, umekuwa mzungu siku hizi, huonekani." Tukaomba radhi, tukanywa kahawa, nikamuuliza moja kwa moja: maalim, kafara ni nini?

Hakunijibu. Aliniuliza yeye: "Kafara anatoa nani?"

Nikasema, anatoa mtu anayetaka kitu. Utajiri, cheo, kinga.

Akatikisa kichwa kama nilivyokuwa nikikosea herufi. "Kafara anatoa mkosaji."

Nilikaa pale mpaka adhuhuri. Ninayoandika hapa chini mengine ni yake, mengine nimeyasoma mwenyewe niliporudi, na hasira zote ni zangu.

Neno linatoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye herufi tatu: kaf, fa, ra. Maana yake ya asili ni kufunika. Kutoka hapo tumepata kafiri, yaani aliyeufunika ukweli, na kufuru. Sisi Waswahili kufuru tukaisogeza hadi kwa mtu anayemwaga pesa kwenye harusi ("hela za kufuru!"). Wala si lazima neno liwe la matusi. Kwenye sura ya 57, Al-Hadid, aya ya 20, neno la mzizi huo limetumika na wafasiri wengi wakalieleza kuwa ni wakulima, kwa sababu mkulima huifunika mbegu kwa udongo. Mkulima wa Urambo akifukia mbegu yake ya mahindi, kwa lugha ile ya zamani anafanya kazi ya mzizi huu huu. (Wale ndugu zetu wa mihadhara ya kwenye viwanja, ambao neno kafiri haliwatoki mdomoni, wangelijua hilo labda wangepunguza spika.)

Na kafara ni nini? Ni kitendo kinachofunika kosa. Umekosea, unalipa, kosa linafunikwa. Ndugu zetu Wayahudi wana siku yao kubwa ya toba, Yom Kippur, na neno hilo la pili ni la ukoo huo huo. Lakini katika Uislamu kafara si jambo la kubahatisha wala la kuota ndotoni. Ina bei yake, na bei imeandikwa.

Umekula kiapo cha dhati ukakivunja? Sura ya 5, Al-Maida, aya ya 89: lisha maskini kumi kwa chakula cha kawaida unachowalisha watu wa nyumbani kwako, au wavishe nguo, au mwache huru mtumwa. Huna uwezo wa hayo yote? Funga siku tatu. Umemwambia mkeo kwamba kwako yeye ni sawa na mgongo wa mama yako, ile talaka ya kijahili ya Waarabu wa zamani, kisha ukataka kumrudia? Sura ya 58: mwache huru mtumwa, huna, funga miezi miwili mfululizo, huwezi, lisha maskini sitini. Tazama vizuri vitu vinavyotajwa hapo. Chakula. Nguo. Uhuru wa mtu. Njaa yako wewe mwenyewe. Hakuna mahali popote ambapo mwenye kosa analipa kwa damu ya mtu mwingine.

Kuna kisa kimoja, kimo kwa Bukhari na kwa Muslim, kimepokewa na Abu Huraira, na maalim alikisimulia huku akicheka. Mtu mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akilalama kwamba ameangamia: amemwingilia mkewe mchana wa Ramadhani. Akaulizwa kama ana mtumwa wa kumwacha huru. Hana. Anaweza kufunga miezi miwili mfululizo? Hawezi. Anaweza kulisha maskini sitini? Hana kitu. Akakaa. Likaletwa kapu la tende, Mtume akampa akawape maskini. Yule bwana akauliza: kuna maskini kuliko mimi? Akaapa kwamba Madina nzima hakuna nyumba fukara kuliko ya kwake. Mtume akacheka hadi meno yakaonekana, akamwambia awalishe watu wake mwenyewe.

Yaani kafara imeanza na dhambi na imeishia na watoto wa fukara wanakula tende! Halafu sisi neno hilo hilo tumelipeleka njia panda saa saba za usiku, tukalivika kaniki nyeusi na kisu.

Lakini iliyonimaliza kabisa ni sura ya 4, An-Nisaa, aya ya 92. Inahusu mtu aliyeua kwa bahati mbaya, bila kukusudia. Neno kafara lenyewe halimo kwenye aya hiyo, ila mafakihi wote wanaiita kafara ya kuua. Aliyeua inampasa kumwacha huru mtumwa Mwislamu, na kulipa diya kwa watu wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe waisamehe. Hata marehemu akiwa wa kaumu isiyo ya Kiislamu yenye mapatano na Waislamu, diya ipo pale pale. Asiyepata wa kumwacha huru, afunge miezi miwili mfululizo. Na Imam Shafi, ambaye ndiye wengi wetu huku Afrika Mashariki tunayefuata madhehebu yake, alikwenda mbali zaidi: hata aliyeua kwa kukusudia kafara inamlazimu.

Sasa rudini chini ya mwembe wa Kitete. Basi limeua. Mzee anasema mwenye basi katoa kafara. Kwa maana ya neno lenyewe, mwenye basi HAJATOA kafara! Hajatoa hata punje. Kafara ndiyo anayodaiwa! Yeye na dereva wake ndio wenye deni, na mama wa yule kijana ndiye mdai. Sisi kwa ulimi wetu tumegeuza hesabu: marehemu ndiye amekuwa malipo, mwenye basi ndiye amekuwa mlipaji, na deni limefutwa kabla hata udongo wa kaburi haujakauka. Hii si lugha imebadilika. Hii ni risiti ya uongo.

Najua mtaniambia nini, maana baadhi yenu nawajua. "Wewe bwana, maneno hubadilika. Umekuwa polisi wa Kiarabu?" Sijawa. Kiswahili hakihitaji kibali cha Makka wala Cairo kutumia maneno yake. Hela za kufuru hazinisumbui, nikizipata nitazitumia kwa kufuru. Na najua kwamba Waswahili tuna kafara yetu ya zamani ambayo haimo kwa mafakihi: yai la njia panda, kuku mweusi, sarafu mgonjwa anazungushiwa kichwani kisha zinatupwa. Mombasa, Siku ya Mwaka, watu walimzungusha ng'ombe mji mzima kisha akachinjwa na nyama ikaliwa na watu. Masheikh wengine wanasema ni bidaa, wagombane wenyewe huko. Mimi naona jambo moja: hata katika kafara hiyo ya mila, aliyekufa ni ng'ombe, na walioshiba ni watu. Kutoka ng'ombe hadi kijana wa miaka kumi na tisa aliyelala kiti cha dirishani, huo si mwendo wa lugha wa kawaida. Mahali fulani tulikubali kwamba maskini anaweza kukaa nafasi ya ng'ombe.

Na Tabora, jamani, Tabora kuliko miji yote ndiyo ilipaswa kushtuka.

Nilipokuwa kule nilichukua pikipiki nikaenda Kwihara, kwenye ile tembe ambayo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Watalii wachache huja, husaini kitabu, hupiga picha mlango, huondoka. Mimi huwa naenda kwa ajili ya njia. Kazeh, kama mji ulivyoitwa na wageni wa wakati ule, ilikuwa njia panda ya misafara: moja yaenda Ujiji na kuvuka ziwa hadi Kongo, nyingine yapanda Karagwe na Buganda, na zote hurudi kushuka Bagamoyo. Burton na Speke walipofika Novemba 1857 waliwakuta Waarabu wameshajenga nyumba na kupanda bustani. Pembe zilipita hapa kwenye mabega ya Wanyamwezi, wapagazi walioajiriwa, watu huru waliojua kudai ujira wao. Na watumwa walipita hapa pia, wengine walibaki, wakalima mashamba ya wenye tembe hizo. Wajerumani walikuja, wakampiga Mtemi Isike hadi akajilipua kwa baruti ndani ya boma lake Januari 1893, wakatawala, na utumwa wakauacha ufe taratibu. Sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilitungwa na Waingereza mwaka 1922. Elfu moja mia tisa ishirini na mbili! Bibi yangu aliwahi kula sahani moja na watu waliozaliwa bila kumiliki miili yao.

Sasa fikirini. Katika mji huo, kwa karibu karne nzima, neno kafara lilipotamkwa msikitini lilikuwa na maana ya kumfungua mtu. Katika aya ya kuua, kumwacha huru mtumwa ndiko kunakotajwa mwanzo kabisa, kabla hata ya diya. Nakiri kwamba kwenye kiapo tajiri alipewa uchaguzi, na kulisha watu kumi wali kulikuwa rahisi kuliko kumpoteza mtumwa wa kulima, kwa hiyo siwezi kuwapaka asali wafanyabiashara wa Kazeh. Lakini mlango ulikuwepo, na uliitwa kafara. Mnyonge alikuwa na sababu ya kulipenda neno hilo. Leo, mji ule ule, chini ya miembe ambayo watu husema ni ya misafara, mnyonge akilisikia neno hilo anaficha mtoto.

Na hafichi bure. Sitaki mtu aniambie kwamba nakana kinachotokea. Tangu 2007 tumeona ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa kama digidigi huku kwetu magharibi na kanda ya Ziwa, Mwanza, Shinyanga, Tabora. Mwaka 2008 mwandishi Vicky Ntetema wa BBC alijifanya mteja, akaenda kwa waganga, wakamtajia bei. Baada ya habari kutoka ikabidi ajifiche kwa kuhofia maisha yake. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa machozi Bungeni. Machozi yale hayakumaliza kitu: mwaka 2024 kule Muleba, Kagera, mtoto wa miaka miwili alinyakuliwa nyumbani kwao mwishoni mwa Mei, na Juni mabaki yake yakapatikana. Miaka miwili! Kuna watu wanaua kwa sababu wameambiwa na mganga watatajirika. Hilo lipo.

Lakini hebu sikilizeni lugha inayotumika. Ni nani anayeliita tendo hilo kafara? Mganga. Ni neno la dukani kwake. Anamwambia mteja "toa kafara" kwa sababu hawezi kumwambia "kaue mtoto." Neno linamsafisha mteja mikono kabla hajashika panga, linampa hisia kwamba yuko kwenye ibada. Kisha sisi na vitambulisho vyetu vya habari tunakuja nyuma yake tunaandika, kwa herufi nyekundu, "atolewa kafara ili apate utajiri." Nani alipata huo utajiri? Mmewahi kumwona? Mimi nimekaa kwenye mahakama, nimeona washitakiwa wa kesi hizi: watu wenye kandambili zilizoshonwa, wanaoazima nauli. Kila tukiandika kafara tunamtangazia mganga biashara, tena bila malipo, kwamba bidhaa yake ni ya kweli na inafanya kazi, tatizo ni kwamba ni haramu tu. Tuna neno letu zuri, la kale, lisilo na ubani: mauaji. Ameuawa. Aliyemuua ni muuaji. Aliyemtuma ni muuaji mwenye pesa.

Kuna na kafara ya maofisini, hii nipite haraka maana mnaijua. Fedha za umma zimepotea, karani wa stoo anasimamishwa, mkubwa anahamishiwa wilaya nyingine. Kijiweni tunasema "wamemtoa kafara yule dogo," tunacheka, tunaagiza kahawa nyingine. Huyu angalau ana asili ya kitabu, ni yule mbuzi wa Mambo ya Walawi sura ya 16, aliyebebeshwa dhambi za watu akaachiwa jangwani. Ila hata pale mbuzi walikuwa wawili, na kuhani alitubu kwanza kwa dhambi zake mwenyewe. Sisi hiyo sehemu ya mkubwa kutubu kwanza tumeikata.

Nilikuwa darasa la pili Juni 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma bila breki na kugonga treni ya mizigo pale Igandu, Dodoma. Walikufa watu zaidi ya 280. Ni reli yetu, reli ya kati, karibu kila mtaa wa Tabora ulikuwa na mtu wa kumuulizia. Nakumbuka nimeshikwa mkono na shangazi stesheni, watu wanasubiri majina, na mama mmoja anasema reli inataka kafara, tangu Mjerumani ilikuwa inataka. Nilikuwa mtoto, nikaamini. Kwa miaka nilikuwa nikipita kwenye makutano ya reli nikikimbia, nisije nikachaguliwa. Mtu mzima akikua na imani hiyo, unamtegemea adai breki? Breki atazidai kwa nani, kama mlaji ni reli yenyewe?

Na viongozi wetu wa dini wako wapi? Nimesikia hotuba za Ijumaa kuhusu suruali za wasichana, kuhusu mwezi umeandama wapi, kuhusu maulidi ni bidaa au si bidaa. Nimesubiri ile ya kusema: nyinyi wenye mabasi mnaokaa safu ya mbele, abiria wenu wakifa kwa uzembe wenu mnadaiwa diya na kafara, na wali wa msiba hauhesabiki. Maalim wangu alinyamaza nilipomwambia hivyo. Kisha akasema, "Wenye mabasi ndio wanaonunua mazulia." Akainuka kwenda kutawadha. Sijawahi kumpenda kama siku ile.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, tunasafiri tumelala. Ni raha, sikatai, hata mimi nilirudi nayo. Lakini kila abiria anayelala amemkabidhi mtu mwingine roho yake: dereva ambaye hajui amelala saa ngapi, na tajiri ambaye hajui amebadilisha tairi lini. Sheria ya nchi inataka kila chombo kiwe na bima ya kulipa watu wa nje wanaoumizwa nacho. Ukiitazama kwa jicho la maalim, hiyo ni diya iliyoandikwa kwa lugha ya wanasheria. Wangapi Kitete wanajua wana haki ya kuidai? Chini ya mwembe hakuna aliyeitaja. Mwenye basi alileta sanda, magunia mawili ya mchele na laki tatu kwenye bahasha. Watu wakamsifu kwa ubinadamu. Wakati huo huo wanaamini amemuua kijana wao makusudi, kwa uchawi. Vyote viwili, kinywa kimoja! Mchawi mwenye ubinadamu. Ila mzembe mwenye deni, hilo halikumjia mtu.

Siku moja kabla ya kuondoka nilikwenda na mama wa marehemu kituo cha polisi kufuatilia ripoti ya ajali, maana bila hiyo watu wa bima hawamsikilizi mtu. Hakutaka kwenda. Aliniambia, "Baba, mambo ya kafara hayana kesi." Nikambembeleza. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, tukaambiwa mwenye faili katoka, tukaambiwa karudi lakini ana kikao, tukanunua karanga, tukala. Saa nane tukapewa nakala. Yeye hasomi vizuri, miwani yake ilivunjika siku ile ya habari, kwa hiyo nilimsomea pale pale nje, kwenye ngazi. Namba ya gari. Tarehe. Mahali. Majina. Nikafika kwenye mstari wa chanzo, nikasoma: tairi la mbele kupasuka, tairi lilikuwa limechakaa.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Limeandikwa tairi?"

"Ndiyo mama. Tairi."

Akaichukua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaifungia kwenye pindo la kanga, tukaanza kutafuta bodaboda ya kutupeleka kwa mwanasheria.